Kujifunza Chukudu kwa Maneno

Mjini Goma chukudu husikika kabla ya kuonekana. Magurudumu yake ya mbao, yaliyovikwa vipande vya mpira wa gari, yanapita juu ya mawe meusi ya volkeno ambayo sisi huku tunayaita makoro, na mlio wake unafika kwenye kona kabla ya chombo chenyewe. Watu wengi wa hapa husema jina limetoka kwenye mlio huo. Ukikaa kando ya barabara asubuhi, mizigo inaposhuka kutoka kaskazini, huoni sababu ya kuwabishia.

Kwa wenzangu waliokuja kusoma hapa kutoka Kindu au Kalemie, nieleze chombo hiki. Chukudu ni ubao mrefu na mnene, wa karibu mita mbili, wenye gurudumu dogo mbele na jingine nyuma, na usukani wa mti uliopinda kama pembe za ng'ombe. Haina pedali, haina mnyororo, haina injini. Kwenye mteremko mtu anasimama juu yake na kuiacha iende. Kwenye tambarare anapiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Kwenye mlima anashuka na kuisukuma kwa mikono, mgongo umeinama. Ndiyo inayoleta mjini viazi na kabichi za Kibumba, makaa, mbao, na bidoni za maji. Mji umeiheshimu kiasi cha kuiwekea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara unaobeba jina lake.

Mimi nimelelewa na chukudu. Unga wa nyumbani, daftari za shule ya msingi, viatu vya Noeli, vyote vilitoka kwenye goti la baba. Hata hivyo nilifika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu sijawahi kuipanda. Baba ndiye aliyekataza. Alikuwa akisema kwamba katika nyumba moja, mtu mmoja mwenye goti gumu anatosha; wengine washike kalamu.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka. Lava ikashuka, ikakata barabara ya Rutshuru, ikameza nyumba za Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Waliokuwa wakikumbuka tarehe 17 Januari 2002, siku lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, hawakungoja kuelezwa. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka, tuliambiwa mitaa kumi ya mji iondoke. Majengo, mtaa wetu, ulikuwa mmojawapo.

Baba alipakia magodoro, masufuria, gunia la unga, na juu kabisa akamkalisha mdogo wetu wa mwisho. Tukafuata barabara ya Sake pamoja na umati wa watu. Ni kilomita zipatazo 25. Kwenye mteremko mmoja gari lilitupita kwa kasi likitusukuma pembeni. Mtoto aliruka salama. Chukudu na mzigo wake vikamwangukia baba begani, na mtulinga wake ukavunjika.

Tuliporudi mjini mwezi wa Juni, nyumba ilikuwa imesimama lakini bomba lilikuwa kavu. Tangi kubwa lililokuwa likilisha sehemu kubwa ya mji lilikuwa limeharibiwa na mlipuko, na watu wakaelekea ziwani. Mama na dada zangu walikwenda na kurudi na bidoni moja moja mgongoni, kamba imepita kichwani. Chukudu ilikuwa imeegemea ukuta. Baba alikuwa amefungwa mkono kifuani. Jioni ya siku ya tatu aliiangalia kwa muda, kisha akaniambia:

"Kesho asubuhi utamuamusha."

"Nani, papa?"

"Chukudu."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwa kawaida chukudu haifundishwi kwa maneno. Mtoto hupandishwa nyuma ya baba yake au kaka yake, anahisi mwili wa mkubwa unavyoegemea, na siku moja anaachiwa peke yake kwenye mteremko mdogo. Anakuwa amejua bila kuambiwa. Baba hakuweza kunifundisha hivyo. Hakuweza hata kuushika usukani kunionyesha. Alikuwa amebakiwa na mdomo tu, na kigoda mbele ya nyumba. Mtu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ilikuwa kwenye goti na mkono ilimbidi aihamishie yote kwenye ulimi, kwa mwanafunzi wa lugha aliyekuwa anafahamu nadharia za ngeli lakini hajui aweke goti wapi.

"Weka goti."

Nikaweka juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa misumari kwenye ubao.

"Hapana, hiyo ni mufupa. Nyama ya chini ya goti njo inakaa pale."

Nikasogea. Nikasukuma ardhi mara mbili, usukani ukaanza kucheza kushoto na kulia, nikaanguka kabla ya kufika kwa jirani. Watoto waliokuwa wanachota mchanga wakacheka hadi wakakaa chini. Baba hakucheka.

"Ulikuwa naangalia wapi?"

"Mupira wa mbele."

"Mupira inajua fasi iko. Weye angalia fasi uko naenda."

Huo ndio mwanzo. Katika siku nne za kwanza nilifahamu kwamba baba alikuwa na lugha nzima ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, kwa sababu nyumbani hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo. Msukumo wa kwanza, ule unaoitoa chukudu katika usingizi, aliuita kuamusha. Usukani ukicheza, chukudu imelewa. Dawa ya chukudu iliyolewa ni kusukuma tena kwa nguvu, maana ikienda polepole inazidi kulewa. Mtu mwoga ndiye anayeangushwa. Ekseli ikikauka na kutoa sauti nyembamba, chukudu inakohoa, na kuitia mafuta ni kuinywesha. Mzigo uliofungwa vibaya unaongea. Uliofungwa vizuri unanyamaza. Jiwe la makoro lililojificha katika mchanga, lile linalosimamisha gurudumu dogo ghafla na kukurusha mbele, aliliita mgeni. "Muchunge mugeni," angesema kila nikitoka. Na kuegemea upande wa kona bila kuugeuza usukani ni kumsalimia mtu: unainamisha bega kidogo kama unayepita mbele ya mzee.

Sidai kwamba maneno haya ni ya waendesha chukudu wote. Mengine huenda ni ya baba na rafiki zake watatu au wanne waliokuwa wakishuka pamoja kutoka Kibumba. Lakini yalifanya kazi. Aliposema nimsalimie mtu, nilipita kona. Fundi mwingine angeweza kunieleza habari za uzito na pembe, na ningekuwa bado chini.

Jambo lililonishangaza zaidi ni sikio lake. Barabara yetu ina kona mbili, na baada ya ya kwanza hakuweza kuniona. Hata hivyo nilipokuwa narudi alinipa hesabu kamili. "Pale kwa fundi wa viatu umeogopa, umeweka muguu chini." Au: "Ulimuacha akalewa, halafu ukamuamusha. Ni vizuri." Alikuwa ameyasikia yote. Ule mlio ambao sisi tunauchukua kama asili ya jina, na kuishia hapo, kwake ulikuwa maandishi yanayosomeka. Gurudumu linalosita lina sauti yake, mguu unaogusa ardhi una sauti yake, na mzigo unaoteleza una sauti yake. Tangu hapo kila ninaposoma kwamba neno fulani ni la mwigo wa sauti, najiuliza ni nani aliyekuwa anaisikiliza sauti hiyo, na alikuwa anataka kujua nini.

Siku ya tano nilikwenda ziwani. Kutoka Majengo kwenda ziwani kwa sehemu kubwa ni kuteremka, na kuteremka na bidoni tupu ni furaha ambayo sitaificha. Upepo unaingia katika shati, bidoni zinagongana kama ngoma, na unapita Mabanga watu wakikupisha. Breki ya chukudu yetu ilikuwa kipande cha mpira kinachobanwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Baba alikuwa ameniambia nianze kuibana kabla sijaona sababu. "Ukiiona sababu, umechelewa."

Ufukweni palikuwa na foleni na kelele. Palikuwa na vijana wa kutia dawa ya klorini katika kila bidoni, kwa sababu maji ya ziwa yakinywewa hivyo hivyo yanaleta kipindupindu, na mji wetu unakijua kipindupindu. Nilijaza bidoni nane za lita 20. Fanya hesabu: kilo 160 za maji, bila uzito wa ubao. Nikazifunga jinsi nilivyoelekezwa, nne chini, nne juu, kamba ya mpira ikipita mara tatu. Nikasukuma. Chukudu haikusogea.

Hapo ndipo maneno yalipoishia. Baba alikuwa amenieleza mlima: mikono miwili, mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, mwili ulale mpaka uso ukaribie bidoni. Nilikuwa nimeelewa kila neno. Lakini kilo 160 haziwezi kuelezwa kwa mtu ambaye hajawahi kuzisukuma. Kila hatua ilikuwa na swali lake: nikipumzika, itarudi nyuma, nikiendelea, moyo utapasuka. Kijana mmoja nisiyemjua, anayefanya kazi hiyo kila siku, alitoka nyuma akaweka bega lake kwenye mzigo wangu bila kusema kitu. Tukapanda pamoja hadi penye tambarare. Hapo akaninyoshea kidole kwenye jiwe, nikaelewa kwamba natakiwa kuliweka nyuma ya gurudumu kila nikipumzika. Akarudi chini kuchukua chukudu yake. Katika somo lile hakukuwa na neno hata moja, na silisahau.

Nilifika nyumbani saa sita na nusu. Bidoni mbili zilikuwa za nyumba yetu, mbili za jirani aliyetuazima kamba, nne mama akaziuza palepale mlangoni. Baba aliangalia jinsi nilivyofunga mzigo, akasema, "Ulinyamaza." Alimaanisha mzigo. Nilikwenda ziwani hivyo karibu kila siku mpaka bomba la mtaa lilipoanza tena kutoa maji, na mpaka nyama ya chini ya goti langu ikawa na ngozi ngumu kama ya kwake.

Baadaye, masomo yaliporudi katika hali yake, chukudu ilinifuata hadi darasani. Katika somo la tafsiri tulipewa sentensi yenye neno chukudu tuipeleke katika Kifaransa. Karibu darasa zima liliandika trottinette, na waliojali zaidi wakaongeza kwamba ni ya mbao. Kimuundo hakuna ubaya: ubao, magurudumu mawili, usukani, mguu unaosukuma. Lakini fikirini trottinette ni nini kwa Mfaransa wa leo. Ni kitu cha mtoto, au ni ile ya umeme ambayo kijana wa mjini anaikodi kwa simu, anaipanda hadi kazini na kuiacha kwenye njia ya waenda kwa miguu. Tarehe 2 Aprili 2023 mji wa Paris uliwauliza wakazi wake kama trottinette za kukodi ziendelee kuwapo. Waliokwenda kupiga kura walikuwa wachache, lakini karibu tisa kati ya kumi walisema hapana, na kufikia mwezi wa Septemba zilikuwa zimeondolewa barabarani. Siwalaumu. Nasema tu kwamba kitu ambacho mji unaweza kukiondoa kwa kura ya Jumapili moja, na Jumatatu watu wakala kama kawaida, hakiwezi kuwa tafsiri ya chukudu.

Ndugu wa karibu zaidi wa chukudu huko Ulaya, nadhani, ni wa zamani. Mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alitoka na mashine yake ya mbao ya magurudumu mawili isiyokuwa na pedali. Mtu aliikalia na kusukuma ardhi kwa miguu. Wako wanahistoria wanaohusisha chombo hicho na mlipuko wa volkeno ya Tambora, Indonesia, wa mwaka 1815. Mlipuko huo uliharibu hali ya hewa, mwaka 1816 mavuno yakafa Ulaya, chakula cha farasi kikawa ghali, na watu wakahitaji njia nyingine ya kwenda. Wengine wanalipinga wazo hilo. Lakini mtu wa Goma akilisikia hacheki. Anajua vizuri jinsi mlima wa moto unavyoweza kumpandisha mtu juu ya ubao.

Kwa jirani zetu wa Rwanda chombo kama hiki kinaitwa igicugutu. Sauti ni ileile ya chukudu, lakini jina limeingizwa katika ngeli yenye kiambishi chake, na wingi wake unaeleweka mara moja. Sisi kwa Kiswahili tumebaki na mzozo. Je, ni chukudu yangu au chukudu changu? Wingi wake ni chukudu, machukudu, au vyukudu? Katika semina yetu mmoja alitetea ngeli ya ki-/vi- kwa sababu ya ile ch- ya mwanzo, kama chakula na chombo. Mwingine akasema ch- ile ni ya mlio, si kiambishi, kwa hiyo neno liende i-/zi- kama baiskeli. Mwalimu alitupa kazi: tuache kubishana, twende tukasikilize.

Mimi sikuhitaji kwenda mbali. Nilikuwa tayari na daftari la maneno ya baba, na nilipolifungua kwa swali hilo nikaona kitu ambacho hakikuwa upande wowote wa mzozo. Baba alikuwa akisema: ako nalewa. Ako nakohoa, umunyweshe. Usimuache. Utamuamusha. Sentensi zote za kazi zilikuwa na upatanisho wa mtu au mnyama. Ni ng'ombe peke yake, au punda, au mtoto, ndiye anayezungumziwa hivyo. Mimi mwenyewe katika insha hii nimetumia i-/zi-, kwa sababu ndivyo ninavyosema na ndivyo wengi wa rika langu wanavyosema. Kwa baba, chukudu ilikuwa katika ngeli ya wenye uhai.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika katika kazi yangu. Kisha vita vikabadilisha mambo. Mwishoni mwa Oktoba 2022 waasi wa M23 waliteka Rutshuru na Kiwanja, na katika Novemba mapigano yakafika Kibumba. Njia ya viazi na kabichi, njia iliyokuwa imemlisha baba ujana wake wote, ikafungwa. Waliokuwa wakilima kule wakaja kulala chini ya maturubai huko Kanyaruchinya, pembeni mwa mji. Bega la baba lilikuwa limepona kiasi, lakini hapakuwa na mahali pa kwenda. Chukudu ikaegemea ukuta tena. Na mwezi ule ule chuo kikabandika tarehe ya mwisho ya kulipa minervali.

Hakuna aliyelizungumza wiki nzima. Siku ya Jumapili, baada ya kula, baba alisema huku akiangalia mlango: "Ile chukudu iuzwe."

Mama alimwangalia yeye. Mimi nilikuwa nimesikia kiambishi. Katika miaka yote ya kumsikiliza, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitaja hivyo: ile, iuzwe. Hakusema yule, wala auzwe. Sikujibu kitu. Sijui mtu angejibu nini. Mnunuzi alipokuja, kijana aliyekimbia kutoka kaskazini na kupata kazi ya kubebea watu kuni na maji kambini, baba aliendelea hivyo hivyo. "Hii iko ya mumba. Iko nguvu. Haiyavunjika hata siku moja." Alizungumza kama mtu anayeuza meza. Wakakubaliana bei mbele ya jirani, pesa zikahesabiwa mara mbili, kijana akashika usukani na kuitoa nje ya kiwanja.

Ilikuwa imekaa siku nyingi bila kazi. Alipopiga goti na kusukuma, ekseli ikatoa ile sauti nyembamba barabara nzima. Baba alikuwa ameshaingia ndani. Akapaza sauti kutoka chumbani, akiniambia mimi:

"Ako nakohoa! Ukimbie umwambie amunyweshe mafuta mbele ya kufika!"

Nikakimbia. Kijana alisimama, nikamweleza, akacheka kidogo kwa jinsi nilivyosema, lakini alielewa. Alinionyesha chupa ndogo ya mafuta ya mawese iliyofungwa kiunoni.

Nimelifikiria sana tukio hilo kama mwanafunzi wa isimu, na nimelifikiria zaidi kama mtoto wa baba. Ningeweza kueleza kwamba baba alibadilisha ngeli ili aweze kuuza. Kwamba mtu hauzi kirahisi kile anachokisemesha kama mwenzake. Huenda ni hivyo. Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa uhai ulirudi katika sentensi wakati chukudu haikuwa yake tena. Ulirudi mara tu magurudumu yalipozunguka. Kwa hiyo umiliki si kigezo, wala mti si kigezo. Chukudu iliyoegemea ukuta, inayopimwa bei, ni kitu. Chukudu iliyo barabarani na mtu juu yake ni "yeye". Upatanisho wa baba unafuata kazi.

Nafahamu kwamba msemaji mmoja hathibitishi kanuni, na mwalimu wangu amenikumbusha hivyo kwa wino mwekundu. Nimeanza kuwasikiliza wengine, kwenye vituo ambako wanapumzika na pale wanapojaza maji. Wako wanaosema iko nalewa, na wako wanaosema ako nalewa, na wako ambao nikiwauliza wanabadilisha jibu kwa sababu wamejua natoka chuo kikuu. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Msomi akiuliza, mtu anajisahihisha. Nilipata maneno ya baba kwa sababu hakuwa ananieleza lugha yake. Alikuwa ananizuia nisianguke.

Nina ombi kwa wenzangu wa kitivo hiki. Wengi wetu tumetoka katika nyumba za watu wenye kazi za mikono: wavuvi wa Kituku, washonaji wa Birere, wachonga mbao, wauza makaa, wapika pombe ya ndizi. Tunaandika kazi zetu za mwisho juu ya riwaya ambazo wengine wameshaziandikia mara kumi, huku nyumbani kuna kamusi nzima inayokaa kimya kwa kukosa mtu wa kufundishwa. Msiende na fomu ya maswali. Nendeni mkafundishwe kazi yenyewe, hata kwa wiki moja, na muanguke mara chache. Maneno yatakuja yenyewe, kwa sababu mzazi hataki mtoto wake aumie.

Mimi nimelipa minervali. Daftari lina maneno 43 mpaka sasa, na kwa kila neno nimeandika alilitumia wakati gani, kwa sauti gani, na chukudu ilikuwa inafanya nini. Kwenye ukurasa wa neno chukudu lenyewe, sehemu ya ngeli, nilikuwa nimeacha nafasi tupu kwa muda mrefu. Juzi nimeijaza kwa mistari miwili. Wa kwanza: i-/zi-, ikiwa imesimama. Wa pili: a-/wa-, akiwa kazini. Baba ameisoma, akaniuliza kwa nini nimeanza na ile iliyosimama.